Kucheza au Kudhihaki? Mwanzo 21 na Mtoto Aliyegeuzwa Moyo

Wazazi wanapoachana, mtoto hugawanywa kwanza kwa siku na mahali: siku za shule kwa mama, likizo kwa baba, Krismasi kwa bibi. Mgawanyo huo huumiza, lakini mtoto aweza kuuzoea. Upo mgawanyo wa pili ulio mgumu zaidi kuuona, nao ni ule wa moyo. Mtoto aliyempenda baba yake hadi mwezi uliopita sasa hataki hata kusikia sauti yake katika simu. Aliyekuwa akimkimbilia mama yake mlangoni sasa humwita "yule mwanamke". Watu husema mtoto huyo "amelishwa maneno" au "ametiwa sumu". Lugha yetu ilikuwa na semi hizi kabla wataalamu hawajaipa hali hiyo jina, na semi zenyewe zimebeba hukumu tayari: aliyelisha ana kosa, aliyelishwa hana, na neno alilolisema mtoto si lake.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki namna mbili za kumsoma mtoto huyo. Ya kwanza imetoka katika utabibu wa magonjwa ya akili huko Marekani. Ya pili imo katika tafsiri na mahubiri juu ya Mwanzo 21, sura ambayo karibu kila mchungaji ameihubiri, na ambayo kwa maoni yetu ndiyo habari ya kale iliyo karibu kuliko zote na nyumba za kambo tunazozihudumia. Twaziweka pamoja kwa kuwa zote mbili, kila moja kwa njia yake, hukata shauri juu ya mtoto kabla ya kumsikia.

Mwaka 1985 Richard Gardner, tabibu wa magonjwa ya akili ya watoto aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliandika juu ya watoto aliokutana nao katika mashauri ya talaka. Hali yao aliipa jina la ugonjwa, akaufafanua zaidi katika vitabu vya 1987 na 1992. Kwa fundisho lake, mzazi mmoja humfunza mtoto kumchukia mzazi mwingine, na mtoto naye huongeza ya kwake juu ya yale aliyofunzwa. Alitaja dalili nane: mtoto kumchafulia mzazi jina bila kuchoka, kutoa sababu hafifu, kutoona jema lolote kwa mmoja wala baya lolote kwa mwingine, kushikilia kwamba mawazo hayo ni yake mwenyewe, kumtetea yule ampendaye katika kila jambo, kutoona haya kwa ukatili wake, kutumia visa na maneno ya kuazima, na chuki kuenea hadi kwa ndugu wa mzazi anayekataliwa.

Yatupasa kusema kwa haki kwamba Gardner alikuwa na macho. Mchungaji yeyote aliyekaa parokiani miaka kadhaa anaweza kuweka uso wa mtoto fulani mbele ya karibu kila dalili katika hizo nane. Ile ya mwisho hasa twaijua: siku mtoto anapoacha kumsalimu shangazi yake aliyekuwa akimletea machungwa, watu wa mtaa hujua kwamba vita imefika ndani.

Kasoro ya nadharia hii imo katika namna inavyojithibitisha. Tuichukue dalili ya nne. Mtoto akisema, "Hapana aliyenifundisha, nasema mwenyewe," kauli hiyo yahesabiwa kuwa alama ya ugonjwa. Akikiri kwamba alifundishwa, basi amefundishwa. Mtoto huyu hana jibu lolote liwezalo kumtoa katika shitaka, na penye shitaka lisilo na utetezi hapana uchunguzi. Jambo la pili ni zito zaidi. Mtoto anayemkataa baba aliyempiga, au aliyemtendea machukizo usiku, naye huonyesha nyingi katika dalili hizo hizo: humwogopa, humsema vibaya, hushikamana na mama. Gardner alijua hivyo, akasema kwamba palipo na udhalimu wa kweli jina lake lisitumike. Lakini katika chumba cha mahakama udhalimu ndio hasa unaobishaniwa, na yule aliye na silaha ya jina la kitabibu huwahi kuitumia. Mwanzoni alidai kwamba katika sehemu kubwa mno ya mashauri mama ndiye mpotoshaji, dai alilolilegeza baadaye. Na dawa aliyoipendekeza kwa hali iliyokithiri ilikuwa kumhamisha mtoto akakae na mzazi yule anayemkataa. Msomaji anaweza kuwaza mwenyewe maana ya dawa hiyo pale ambapo mtoto alikuwa akisema kweli.

Gardner alifariki mwaka 2003. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la 2013, haukuukubali ugonjwa wake. Shirika la Afya Duniani nalo liliondoa istilahi hiyo katika faharasa ya orodha yake ya magonjwa mwaka 2020. Mwaka 2023 Reem Alsalem, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya ukatili dhidi ya wanawake, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu kwamba mataifa yapige marufuku matumizi ya dhana hiyo katika mashauri ya familia. Brazil, kwa upande wake, ilikuwa imeitungia sheria mwaka 2010. Hivi ndivyo dunia ilivyogawanyika juu ya neno moja.

Walakini kuanguka kwa nadharia hakuondoi jambo lenyewe. Judith Wallerstein na Joan Kelly, katika kitabu chao cha 1980, walikuwa wamekwisha kuwaeleza watoto walioungana na mzazi mmoja mwenye hasira dhidi ya mwenzake, tena bila kuwaita wagonjwa. Mwaka 2001 Kelly pamoja na Janet Johnston walipendekeza uchunguzi uanzie kwa mtoto, na kwamba mtoto aliyegeuzwa moyo atofautishwe na yule aliyejitenga na mzazi kwa sababu za haki kama vile kipigo au kutelekezwa. Pendekezo hilo ni la kawaida kiasi kwamba mtu hushangaa lilichelewa hivyo. Na mwaka 2007 Amy Baker alichapisha mahojiano na watu wazima 40 waliopitia hali hiyo utotoni. Baker bado alitumia istilahi ya Gardner, na walioongea naye walijieleza wenyewe, hivyo hatupaswi kuujenga mnara juu ya kitabu hicho. Lakini jambo moja ndani yake limetukaa moyoni: wengi walisema kwamba, walipokuwa wakimkataa mzazi kwa nje, ndani walitamani asikate tamaa na kwenda zake.

Sasa tuingie katika Mwanzo 21. Isaka ameachishwa kunyonya, Ibrahimu amefanya karamu kubwa, na Sara anamwona mwana wa Hajiri akifanya jambo fulani. Jambo gani? Katika aya ya 9 Biblia ya Kiebrania ina neno moja tu, *metsaheq*, kutoka katika kitenzi *tsahaq*, kucheka. Tafsiri yetu ya Muungano imesema kwamba alikuwa anafanya dhihaka. Hivyo ndivyo walivyosema pia wafasiri wa Kiingereza wa 1611, na Luther kabla yao alimfanya kijana huyu kuwa mtu wa mizaha na dharau. Lakini Wayahudi waliotafsiri Septuaginta kwa Kiyunani waliandika kwamba alikuwa akicheza na Isaka mwana wa Sara, na Vulgata ya Kilatini ikawafuata. Maneno "na Isaka" hayamo katika Kiebrania tulicho nacho. Ama yalidondoka, ama watafsiri hao waliyaongeza ili kufafanua. Hata hivyo kucheza kulionekana kwao kuwa maana ya kawaida.

Kitenzi hicho chenyewe kina maana pana. Katika Mwanzo 26:8 Isaka anaonekana dirishani akimfanyia Rebeka tendo hilo hilo, na hapo tafsiri yetu yasema anacheza naye. Hapana mfasiri aliyethubutu kusema kwamba alikuwa akimdhihaki mkewe. Katika 39:14 mke wa Potifa analitumia kumshitaki Yusufu, na hapo ni dhihaka kweli, kwa kuwa anayesema ni mshitaki. Zaidi ya hayo, jina la Isaka limejengwa juu ya kitenzi hicho, na Sara mwenyewe katika 21:6 amekwisha kucheza nalo kwa furaha. Kwa hiyo wahakiki kadhaa wamependekeza kwamba Sara alimwona kijana "akiwa Isaka", yaani akichukua nafasi ya mwanawe. Gerhard von Rad, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo, alikuwa ameona kwamba hatuhitaji kosa lolote hapa: watoto wawili wakicheza kama walio sawa walitosha kumfanya mama mwenye wivu akate shauri juu ya urithi. Na urithi ndio anaoutaja Sara katika aya ya 10, wala si dhihaka. Kama kijana angekuwa amemdhihaki mtoto, mama angelisema.

Mbona basi wafasiri walimpa kosa? Twadhani ni kwa sababu walijisikia kuwa na deni la kumtetea Sara. Mafundisho ya marabi yaliyokusanywa katika Bereshit Rabba yanaonyesha jambo hili wazi: wengine walisema kijana aliabudu sanamu, wengine alifanya uasherati, wengine alimlenga Isaka kwa mishale kana kwamba ni mchezo. Adhabu ilikuwa kubwa, hivyo kosa lilikuzwa hadi lilingane nayo. Lakini katika mapokeo hayo hayo alikuwapo pia aliyekataa, akasema habari yote ni ya urithi tu. Paulo naye katika Wagalatia 4:29 anasema kwamba aliyezaliwa kwa mwili alimwudhi aliyezaliwa kwa Roho, na bila shaka Luther alisoma Mwanzo kwa miwani hiyo. Paulo, hata hivyo, ametangulia kutuambia katika aya ya 24 kwamba anasema kwa mfano wa maagano mawili. Kuutoa mfano huo katika maagano na kuupeleka jikoni kwa mama wa kambo ni kumtendea Paulo vibaya, nasi tumewahi kusikia mahubiri yaliyofanya hivyo bila soni.

Jambo jingine ambalo wafafanuzi hulipita kwa haraka ni jina. Katika sura nzima ya 21 jina Ishmaeli halitajwi hata mara moja. Yeye ni mwana wa Hajiri Mmisri, mwana wa mjakazi huyu, kijana, mtoto. Wala si mgeni. Kwa hesabu ya 16:16 na 21:5 alikuwa na miaka kama 14 Isaka alipozaliwa, na sasa amekaribia 17. Tena katika 16:2 Sara ndiye aliyepanga kuzaliwa kwake, ili yeye mwenyewe ajengewe nyumba. Kwa desturi ya wakati ule alikuwa mtoto wake pia. Miaka yote hiyo aliishi akiwa na mama wawili. Siku mmoja wao alipomkana, lugha ilitangulia: "mwana wa mjakazi huyu". Nasi twazisikia semi hizo. "Mtoto wake", asema mama wa kambo kwa mumewe. "Yule mtoto wa nje". "Watu wa kwa baba yako". Ukitaka kujua mahali kazi ya kumtenga mtoto ilipoanzia, sikiliza siku jina lake lilipoachwa.

Hapa nadharia ya Gardner yaonyesha upungufu mwingine. Yeye alikuwa na wazazi wawili, mtoto mmoja na hakimu. Nyumba ya Ibrahimu ina watu zaidi, na nyumba zetu pia: mama wa kambo, baba wa kambo, bibi aliyebaki na wajukuu, shangazi mwenye sauti. Anayemgeuza mtoto moyo mara nyingi hata hayumo katika hati ya talaka. Na yuko Isaka, mtoto mdogo aliyeachishwa ziwa juzi, ambaye wafafanuzi humhesabu kuwa ameshinda. Siku ile alipoteza ndugu yake wa pekee, wala hakuulizwa.

Ibrahimu naye tumsemeje? Aya ya 11 yasema neno lile lilikuwa baya sana machoni pake kwa ajili ya mwanawe. Katika 17:18 alikuwa amemwombea Ishmaeli mbele za Mungu kwa sauti. Katika sura ya 21 hatamki lolote, si kwa Sara, si kwa Hajiri, si kwa kijana. Anaamka asubuhi na mapema, anatoa mkate na kiriba cha maji. Wahubiri huusifu utii wake, kwa kuwa Mungu alimwambia katika aya ya 12 aisikilize sauti ya Sara. Hatukusudii kuifuta aya hiyo. Ni ngumu, na ugumu wake usilainishwe. Lakini twaona kwamba Mungu anakubali tendo bila kukubali sababu yake: anamwambia Ibrahimu kwamba kijana ni uzao wake, jambo ambalo Sara ametoka kulikana, naye anafungamanisha kuondoka huko na ahadi. Ahadi hiyo Ibrahimu aliipokea. Kijana hakuambiwa. Alikwenda nyikani akijua tu kwamba baba yake alimpa mama yake kiriba.

Phyllis Trible, katika kitabu chake cha 1984 juu ya habari za kutisha za Biblia, ameonyesha kwamba katika aya ya 16 Kiebrania chasema Hajiri ndiye aliyepaza sauti akalia, na kwamba tangu zamani wako wafasiri waliomnyang'anya kilio hicho wakampa mtoto. Twamshukuru kwa kazi hiyo. Ila macho yake yako kwa mama, na katika usomaji wake kijana hubaki mzigo wa mama. Aya ya 17 inashangaza kwa sababu hiyo hasa: mama analia, na Mungu anasikia sauti ya kijana. Andiko halikutuambia kwamba kijana alitoa sauti. Maana ya jina lake, Mungu husikia, inarudi hapo katika kitenzi, ingawa jina lenyewe bado limefichwa. Malaika hamsemeshi kijana, ni kweli. Anasema na mama. Lakini sauti iliyosikiwa haikuwa ya mama, wala ya baba, wala ya Sara.

Mambo haya yanatuhusu kwa njia ya moja kwa moja kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 shauri la talaka kwa kawaida halifiki mahakamani kabla ya kupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na sheria hiyo inaruhusu kamati ya jumuiya, ikiwamo ya dini, kuteuliwa kuwa baraza. Wachungaji na wazee wetu hukaa humo. Kifungu cha 125 chaweka ustawi wa mtoto mbele, na chadhani, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama. Kinyume chake, sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zilimhesabu mtoto wa ndoa kuwa wa baba, na mzee wa baraza aliyekulia katika mila hiyo huona kifungu cha 125 kama mkopo tu: akifikisha miaka 7, arudi kwao. Mama anayesikia hivyo anajua ana miaka michache. Hofu hiyo ndiyo shamba ambamo maneno mengi ya kulishwa huota, na yeyote anayemkemea mama huyo bila kuigusa hofu yake anakata majani.

Sheria ya Mtoto ya 2009 imekwenda mbele zaidi. Kifungu cha 26 chamtambulia mtoto haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila atakapo, mradi masomo yake yasiharibike. Haki ni ya mtoto, si ya mzazi. Kifungu cha 39 chaitaka mahakama izingatie kutowatenganisha ndugu, na maoni ya mtoto kama yametolewa kwa uhuru. Tungependa wanafunzi wetu walitafakari sharti hilo la uhuru. Linaweza kumlinda mtoto asitumiwe. Linaweza pia kuwa mlango wa Gardner, ambao kila neno lisilotupendeza hutupwa nje kupitia kwake. Tofauti inategemea juhudi ya anayesikiliza. Je, mtoto alisikilizwa peke yake, mzazi akiwa mbali na mlango? Alisikilizwa zaidi ya mara moja, siku aliyotoka kwa mama na siku aliyotoka kwa baba? Aliulizwa habari za siku ya kawaida, nani humwamsha, nani humpikia, nani humpiga, au aliulizwa tu anamtaka nani? Swali hili la mwisho ni la kikatili, na ndilo linaloulizwa mara nyingi.

Mchungaji anapoandika katika taarifa ya baraza kwamba "mtoto amelishwa maneno", amefanya kazi ya mfasiri wa Mwanzo 21:9. Alikuwa na neno lenye maana zaidi ya moja, akachagua, na uchaguzi wake utasomwa na hakimu kana kwamba ndio andiko lenyewe. Ni afadhali aandike alichokiona: mtoto alisema hivi, siku fulani, akiwapo fulani. Na katika Biblia zetu, twapendekeza kwa wale watakaorekebisha tafsiri ya Muungano kwamba 21:9 isomeke kucheza, au walau tanbihi iwekwe. Tunaishi na majirani Waislamu ambao katika hija hukimbia kati ya Safa na Marwa kwa kumbukumbu ya mama huyo akimtafutia mwanawe maji. Si vema wasikie kwetu kwamba kijana yule alifukuzwa kwa sababu alikuwa mzaha, hali Kiebrania hakilazimishi hivyo.

Wahubiri wengine hupenda kuimalizia habari hii kwa Mwanzo 25:9, Isaka na Ishmaeli wakimzika baba yao katika pango la Makpela. Jina limerudi, na wote wawili waitwa wanawe. Aya hiyo ni ya thamani, lakini isiitwe upatanisho kwa haraka. Ishmaeli anakutana na baba aliyekwisha kufa. Na aya tatu kabla yake, 25:6, Ibrahimu amewapa zawadi wana wa masuria wake na kuwapeleka mbali na Isaka, upande wa mashariki, yeye mwenyewe akiwa bado hai.